Telefone ibaki, video za maiti zitoke

Vijana wenzetu wa Katoyi, wa Kasika, wa Majengo, wa Mabanga, wa Ndosho, na ninyi wengine wote wa Goma munaotusoma,

Kwa kawaida hapa tunaandika juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama. Leo tunaandika juu ya kile kitu uko nacho mkononi wakati huu: telefone. Tunaandika juu ya masaa inayotula, juu ya usingizi inaotuibia, na zaidi juu ya vile vitu inatuonyesha kila siku bila sisi kuviomba.

Tunajua wengi watajibu nini: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Mtu wa Ulaya anaweza kufungia telefone yake mu kabati siku mbili, akaenda kutembea mu pori, akarudi akakuta kila kitu kiko pale alikiacha. Hapa kwetu ukifunga telefone siku mbili, unaweza kurudi ukakuta kartiye yote imekimbia. Ni kweli, na hatuwezi kuficha. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, wakati mbingu iligeuka nyekundu juu ya Nyiragongo, watu waliambiana kwa telefone nani anapita wapi. Siku tano kisha, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu mamia ya maelfu wakashika njia, wengine kwenda Sake, wengine Rwanda. Nani alijua kama mama yake ameishia Sake, Minova ao Gisenyi? Ni telefone njo ilisema. Na tangu banki zilifunga milango mu mwezi wa kwanza 2025, mshahara wa mwalimu na ile kidogo yaya anatuma kutoka Kampala, vyote vinapita mu telefone.

Kwa hiyo mtu anayekuja Katoyi kuhubiri "zimeni telefone" anatuambia tuzime sirene, tuzime banki, na tusisikie tena sauti ya wazazi. Hatusemi hivyo.

Tunasema angalieni hesabu. Sirene inalia dakika tano. Pesa inaingia mu sekunde chache. Kumwita mama, tuseme dakika kumi. Sasa ingia mu reglaje ya telefone yako, pale panaonyesha umeipitishia masaa mangapi kwa siku. Karibu kila Android ya leo iko nayo. Kama inaonyesha masaa manne, na kwa wengi wetu manne ni kidogo, piga mara 365. Utapata masaa 1,460. Hiyo ni siku 60 nzima, mchana na usiku. Miezi miwili kila mwaka, na sirene haikuchukua hata siku moja kati ya hizo.

Mtu asiye na kazi, siku yake ni ndefu, na telefone inajua hivyo. Wengi wetu tuko na diplome. Tulimaliza UNIGOM, ULPGL na kwingine, tukafikiri kisha ulinzi wa memwari maisha yataanza. Halafu mwanzo wa 2025 vita iliingia mu mji, pesa ya misaada ya Marekani ikakatwa, na mashirika yaliyokuwa yanachukua vijana kwa kazi za miezi mitatu yakafunga ao yakapunguza watu. Tumebaki mu grupu za matangazo ya kazi. Unafungua saa mbili asubuhi kutafuta tangazo moja. Unakuta ujumbe mia tatu. Saa sita inapiga, tangazo hukuliona, lakini unajua sasa mchezaji fulani wa mpira aligombana na bibi yake juu ya nini. Usiku unajisikia umechoka sawa mtu aliyebeba mawe, na hakuna jiwe ulilobeba.

Hii haiko uvivu tu. Kuna watu waliikaa chini wakaitengeneza iwe hivi. Mu 2006, mwinjinia mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza ule ukurasa usio na mwisho: unasukuma na kidole, na kila mara kitu kipya kinatokea chini. Kisha miaka, yeye mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba anajutia ile kazi. Gazeti liko na ukurasa wa mwisho. Sambaza mu sahani zinakwisha, unanawa mikono, unasimama. Ile ukurasa haina mahali pa kunawa mikono. Na kampuni zinazoimiliki zinapata pesa yao kwa matangazo, yaani zinauza jicho lako kwa dakika. Kadiri unabaki, ndivyo zinauza.

(Hata udongo ulio ndani ya telefone ni wetu. Wanahesabu kwamba Rubaya, kule Masisi, peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Udongo unatoka hapa mgongoni mwa watu, unarudi ukiwa telefone, tunaununua, na juu yake tunaupa tena usiku wetu. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.)

Sasa tufike kwenye ile jambo imetusukuma kuandika.

Maiti.

Kila kijana wa Goma anajua. Unakula sombe, telefone inatetemeka, unaangalia: mtu amelala mu njia, damu, wengine wanamgeuza na mguu. Hakuna jina, tarehe, wala mahali. Chini yake wameandika "tazama vile wanatufanyia". Dakika mbili kisha ile video iko mu grupu ya korali, mu grupu ya wazazi wa shule, mu statu ya jirani. Na mtoto wa miaka sita aliyechukua telefone ya mama yake ili acheze, anaiona wa kwanza, juu WhatsApp iliishusha yenyewe bila kuuliza mtu.

Hapa tunataka muangalie Nairobi. Kwa miaka kadhaa mpaka 2023, Facebook ilitumia kampuni moja ya kule, Sama, kuajiri vijana Waafrika kwa kazi ya kuangalia video na picha ambazo watu wanatuma, na kufuta zile mbaya. Watu wanachinjwa, watoto wanateswa, wanaangalia masaa yote ya kazi. Mwezi wa tano 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alishitaki kampuni hizo mu tribinali ya Nairobi. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakashitaki pia. Mwisho wa 2024 ripoti za daktari zilizopelekwa mu tribinali zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na ule ugonjwa wa akili ambao askari wanarudi nao kutoka vitani: hawalali, wanaona tena na tena vile vitu, wanaogopa watu, ndoa zinavunjika.

Wale walikuwa wanalipwa. Kidogo, lakini walilipwa, tena leo wako na avoka. Sisi wa Goma tunafanya ile kazi moja bure, na mega tunanunua sisi wenyewe. Tena wale walikuwa wanaona maiti za watu wasiowajua. Sisi tunatazama kwanza koti, viatu, kama siyo kaka yetu.

Tukisema hivi kuna watakaotukasirikia. Watasema: tusipoonyesha, dunia haitajua. Video ni ushahidi. Hiyo hoja ni nzito, na mwendo kama wetu hauwezi kuitupa, juu ni kwa video kama hizo wengine waliwahi kuulizwa kwa matendo yao. Lakini muelewe namna ushahidi unavyofanya kazi. Video inayopita mu WhatsApp inapunguzwa ubora, na zile habari zinazofichwa ndani yake, saa ilipigwa na mahali ilipigwa, zinatoka. Kisha grupu kumi, hakuna anayejua nani aliipiga. Mtu mwingine anaichukua mwaka ujao anasema ni ya Beni, mwingine anasema ni ya Ituri, na siku ile ushahidi wa kweli utahitajika, watasema nayo ni uongo kama zingine. Kwa hiyo anayesambaza mu grupu arobaini hasaidii ushahidi, anauharibu.

Umepiga video mwenyewe? Ichunge mu telefone ile iliyoipiga, bila kuikata wala kuandika juu yake. Andika pembeni siku, saa, mahali. Upeleke kwa mtu wa shirika la haki za binadamu unayemwamini, mkono kwa mkono kama inawezekana. Huyo mmoja anafaa kuliko grupu arobaini. Na yule maiti alikuwa na mama. Haifai mama ajue kifo cha mtoto wake mu statu ya mtu.

Kuna pia zile ambazo hukupiga wewe, zinakufikia tu. Angalia juu ya ujumbe: kama kuna mishale miwili, maana yake imepita mikono mingi mbele ya kukufikia. WhatsApp yenyewe iliweka kikomo: tangu 2019 huwezi kupeleka ujumbe mmoja kwa zaidi ya grupu ao watu watano mara moja, na tangu 2020 ule wenye mishale miwili unapita kwa mmoja mmoja tu. Waliona moto unavyowaka. Sisi tunaopelekeana, tungoje nini tena?

Turudi kwa masaa na afya. Kuna utafiti tunaona inafaa muujue, juu haisemi tu vile tungependa. Mu 2018, mbele ya uchaguzi wa Marekani, walimu wa uchumi wa kule walilipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Wale watu walipata karibu dakika 60 za bure kila siku, wakakaa zaidi na familia na marafiki, wakajisikia vizuri zaidi, lakini kidogo tu, siyo miujiza. Na walijua habari kidogo kuliko wengine. Kwa Mmarekani kujua habari kidogo siyo hatari kubwa. Kwa mtu wa Katoyi, inategemea ni habari gani.

Mwaka uliofuata, 2019, wengine wakajaribu vile vile mu Bosnia, mu wiki ya kukumbuka mauaji ya Srebrenica. Bosnia ni nchi iliyopita mu vita ya makabila, watu wanaishi karibu na hawaaminiani. Waliofunga Facebook walijisikia vizuri zaidi, sawa na kule Marekani. Lakini kuna kitu hakuna aliyekingojea: waliwaona watu wa kabila lingine vibaya zaidi kuliko wale waliobaki mu Facebook. Hasa wale wanaoishi mahali ambapo majirani wote ni wa kabila lao. Telefone ilikuwa dirisha lao la mwisho kwa wengine. Walipoifunga, walibaki na maneno ya nyumbani tu.

Sisi tunasoma hiyo na tunaangalia Katoyi. Mu avenyu moja unasikia Kinande, Kihunde, Kihavu, Kishi, Kinyarwanda, na watoto wote wanagombana kwa Kiswahili kimoja. Hiyo ni mali ambayo ile miji ya Bosnia ilipoteza. Lakini mali hiyo haikai yenyewe. Mtu akipunguza telefone halafu anajifungia mu parsele na watu wa kwao, akisikiliza paka yale wazee wa kwao wanasema usiku, hatukupata kitu. Afazali angebaki mu TikTok akaona Mshi anacheka na Mnyamulenge. Ile saa unayoitoa ku telefone, uitie kwa mtu ambaye hamuzungumze lugha moja nyumbani. La sivyo iache pale pale.

Na wakubwa wanaopenda kukata intaneti wasije wakachukua maneno yetu. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kisha uchaguzi, ilikatwa tena, karibu siku 20. Kisha mu 2020 wakaleta RAM, inite zetu zikawa zinakatwa kwa jina la kuandikisha telefone, mpaka watu walipolia na ikaondolewa mu 2022. Hakuna wakati hata mmoja waliofanya vile kwa afya yetu. Mtu kukuzimia taa na wewe mwenyewe kuzima taa ili ulale, giza ni moja lakini mambo ni mawili.

Sasa, nini tunafanya Katoyi. Tulizungumza wiki nyingi, wengine kwa kelele, na haya njo yamebaki.

Kushusha kwa video na picha zenyewe, tunakuzima. Ingia mu reglaje ya WhatsApp, pale pa stokaje na data, toa alama zote za kushusha otomatike. Ni dakika moja, na inaokoa mega pia. Kisha hapo hakuna maiti inayoingia mu telefone yako bila kidole chako.

Grupu zote tunazinyamazisha, isipokuwa mbili: ya familia, na ile moja ya usalama ya avenyu. Grupu ya kazi tunaifungua mara moja asubuhi na mara moja jioni. Tangazo la kazi lenye siku kumi za kuweka dosye halitakufa kwa masaa manne.

Usiku, hapa njo tuligombana. Wengi walisema: nikizima telefone na risasi zikalia? Jibu alilitoa dada mmoja, na kwa kweli ni rahisi mpaka tukacheka. Hauzimi telefone, unakata data. Saa tatu ya usiku data inakatwa, mlio unabaki. Mtu akikuita kwa simu ya kawaida itaita, haihitaji mega. Hatari ya kweli inakuja kwa sauti ya mtu anayekuita ao kwa masikio yako mwenyewe. Ule ujumbe wa saa nane ya usiku wenye mishale miwili, mara nyingi ni wa mwezi uliopita. Na kama parsele yenu iko na watu wengi, wekeni zamu: usiku huu Fulani anabaki na data, wengine wanalala. Tulipokimbia tulijua kupeana zamu za kubeba watoto. Tunaweza kupeana zamu ya kuogopa.

Hapo hapo tuko na neno kwa kampuni za simu, zote, bila kutaja moja. Forfe ya usiku ni rahisi, ya mchana ni ya bei. Mnajua maana yake kwa mwanafunzi asiye na pesa? Anasoma saa saba ya usiku, anashusha vitabu saa nane, na akiisha kuamka kwa ajili hiyo anabaki mu video mpaka jogoo. Tunaomba ile bei ya usiku ikuje pia mchana, hata masaa mawili. Tutaandika barua, na tutaipeleka kwa mikono.

Kwa ninyi ma-admin wa grupu tunaomba sheria moja tu, iandikwe mu maelezo ya grupu: anayetuma maiti anatolewa siku saba, bila kujali ni maiti ya upande gani. Hayo maneno ya mwisho ni ya lazima. Grupu inayofuta maiti za upande mmoja na kuacha za upande mwingine, hiyo ni grupu ya vita.

Wazazi hatuwaamuru, ni wazazi. Lakini mama, ile telefone unayompa mtoto ili anyamaze wakati unapika, pitia kwanza mu galeri.

Tunaanza Jumamosi hii, kisha salongo, wakati watu bado wako mu avenyu na makoleo yao. Wale wanaojua reglaje watakaa na wale wasiojua, hasa wamama na wazee, telefone moja moja, mpaka za wote ziishe. Kukuja na telefone yako ikiwa na umeme, juu pale hakuna pa kuchaji. Na kama unaweza, kukuja na jirani mmoja ambaye hamujawahi kuzungumza.